Kujenga na kuendesha mtandao wa taifa wa vyuo na utafiti: mwongozo wa fundi

Mtafiti mmoja niliyewahi kumhudumia alikuwa akisafirisha data zake kwa basi. Diski tatu, kila moja terabaiti 4, anazifunga khanga na kuzitia katikati ya begi la nguo, anapanda basi la alfajiri Mwanza na kushuka Dar es Salaam saa kumi na nane baadaye. Nilimcheka. Kisha nikapiga hesabu, kicheko kikaisha: terabaiti 12 kwa saa 18 ni karibu gigabiti 1.5 kwa sekunde, na taasisi yake wakati huo ilikuwa na laini ya megabiti 20. Basi liliushinda mtandao zaidi ya mara sabini.

Mwongozo huu ni wa watu waliopewa kazi ya kulishinda lile basi. Yaani kujenga mtandao mmoja wa nchi nzima unaounganisha vyuo vikuu, taasisi za utafiti, maktaba na hospitali za kufundishia, kisha kuuendesha usiku na mchana. Uingereza wanao wao, JANET, tangu 1984. Kenya ilianzisha KENET mwaka 1999, Uganda ikaja na RENU mwaka 2006, Tanzania kuna TERNET, Malawi MAREN. Mtu atauliza: kwani kampuni za intaneti hazitoshi? Kampuni hupanga laini zake kwa kutegemea kwamba wateja elfu moja hawatatumia wote kwa mara moja, na kwa watu wa nyumbani hilo ni sawa kabisa. Mtandao wa utafiti una watumiaji wachache wenye mizigo mizito, na mzigo wa mmoja ukianza kupita haupaswi kumkaba mwenzake. Kwa hiyo laini zake huachwa nusu tupu kwa makusudi. Mhasibu hapendi kusikia sentensi hiyo, mzoeshe mapema.

1. Saini kwanza, nyaya baadaye

Anza na vyuo vitano au sita vilivyo tayari, usisubiri hamsini. Na usiishie kwa mkuu wa kitengo cha TEHAMA. Yeye ataelewa haraka na atakuunga mkono, lakini hundi haisaini yeye. Nenda mpaka kwa makamu mkuu wa chuo, umweleze kwa lugha ya ada na matokeo ya utafiti, siyo ya gigabiti.

Halafu chagueni sura ya kisheria. Kenya waliamua KENET iwe amana inayomilikiwa na wanachama. Uganda walisajili kampuni isiyogawana faida. Afrika Kusini waligawa kazi: SANReN, chini ya baraza la utafiti la serikali, inajenga miundombinu, na TENET, chombo cha vyuo vyenyewe, inaendesha na kuhudumia. Njia zote tatu zimefanya kazi. Ninayokataza ni moja tu: msiufanye mtandao kuwa idara ya chuo kikubwa kuliko vyote. Siku ya kwanza itaonekana rahisi, maana kile chuo kina jengo, umeme na wahandisi. Mwaka wa pili wengine wataanza kuuita "mradi wa wale", na ada zao zitachelewa kwa sababu ambazo hazitatajwa kikaoni.

Bodi iwe ya wakuu wa vyuo, kamati ya ufundi iwe ya wahandisi wanaoshika ruta, vile vifaa vinavyoelekeza data, kwa mikono yao. Msichanganye.

2. Leseni

Wengi huruka hapa wakidhani kwa kuwa hawafanyi biashara, sheria haiwahusu. Kisa cha kituo cha Kenya cha kubadilishana trafiki, yaani data zinazopita kati ya mitandao, KIXP, kinatosha kuwa somo. Kilifunguliwa Novemba 2000 ili barua pepe ya mtu wa Nairobi kwenda kwa mtu wa Nairobi isizunguke ng'ambo kwa satelaiti. Wiki chache tu baadaye mdhibiti alikifunga, kufuatia malalamiko ya kampuni ya simu ya taifa iliyokuwa na haki ya pekee ya mawasiliano ya nje. Kilirudi hewani Februari 2002, baada ya mwaka mzima wa barua na vikao. Swichi na nyaya zilikuwepo muda wote huo.

Basi kabla ya kutangaza zabuni yoyote, mwandikie mdhibiti: TCRA kwa Tanzania, CA kwa Kenya, UCC kwa Uganda. Eleza kwamba ni mtandao wa kundi lililofungwa, taja wanachama, omba daraja la leseni linalokufaa, na uliza jibu kwa maandishi. Jibu la mdomo la afisa mwema halivuki uhamisho wake.

3. Hesabu mahitaji kwa mafaili

Ukimuuliza mhadhiri anahitaji megabiti ngapi atakujibu "nyingi". Muulize faili lake kubwa kuliko yote lina ukubwa gani na linapaswa kufika lini. Kisha tumia jedwali hili la kichwani: terabaiti 1 kwa megabiti 100 huchukua saa 22, kwa gigabiti 1 saa mbili na robo, kwa gigabiti 10 kama dakika 13. Maabara ya jenetiki, kituo cha hali ya hewa na idara ya radiolojia ndio watakaokupa majibu ya kweli. Wanafunzi wapigie hesabu ya video na simu mbili kila mmoja.

4. Kupata faiba bila kuchimba mtaro

Usichimbe. Narudia kwa sababu kila kamati mpya huota ndoto ya kuchimba. Gharama kubwa ya faiba, ule uzi unaobeba data kwa mwanga, iko kwenye udongo, vibali vya barabara na fidia. Uzi wenyewe ni sehemu ndogo. Tayari kuna nyuzi zilizolala bila mwanga nchi nzima. Tanzania ina Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, Kenya ina NOFBI, Uganda ina mkongo wa serikali chini ya NITA-U. Na kuna hazina ambayo watu huipita kila siku bila kuinua macho: waya wa juu kabisa kwenye nguzo kubwa za umeme, ule wa kukinga radi, mara nyingi una faiba ndani yake. Shirika la umeme liliiweka kwa ajili ya kudhibiti mitambo yake na hutumia nyuzi chache. Faiba ya nguzoni haichimbwi na greda, na hilo kwangu ni sababu tosha ya kuipenda.

Una namna tatu za kununua. Unaweza kukodi uwezo, mathalani gigabiti 10 kutoka mji hadi mji. Rahisi kuanza nao, ila kila ukiongeza unalipa. Unaweza kununua rangi moja ya mwanga ndani ya faiba ya mtu mwingine. Au unachukua jozi ya nyuzi tupu kwa haki ya kutumia ya miaka 15 au 20, unawasha mwanga wako mwenyewe. Hii ya tatu ndiyo inayobadilisha maisha, kwa sababu kutoka gigabiti 10 hadi 100 unabadilisha vifaa vya ncha mbili tu, hulipi upya njia nzima. Ushauri wangu: kodi uwezo kwenye njia ndefu mwanzoni, lakini ndani ya mji tafuta nyuzi tupu tangu siku ya kwanza. Mjini umbali ni mfupi, vifaa ni rahisi, na vyuo vimelundikana.

Sasa hesabu ya mwanga, ambayo lazima uifanye mwenyewe hata kama muuzaji anakuapia. Kwenye mwanga wa nanomita 1550, faiba hupoteza takribani desibeli (kipimo cha upotevu wa mwanga) 0.2 hadi 0.25 kila kilomita. Chukua njia ya kilomita 70: weka 0.25, unapata 17.5. Kebo huja kwa magurudumu ya kilomita chache, tuseme 4, hivyo una maungio kama 17. Kila moja lipe 0.1, jumla 1.7. Viunganishi vya ncha mbili na paneli ongeza 2. Umefika 21.2. Moduli, yaani kifaa cha kurusha na kupokea mwanga, ya gigabiti 10 ya kilomita 80 huvumilia takribani desibeli 23. Zimebaki kama 2, na hapo ndipo watu hupumua na kusaini. Wasipumue. Kila faiba ikikatwa na greda, mafundi huingiza kipande kipya, yaani maungio mawili zaidi. Miaka mitano ya ujenzi wa barabara inaweza kuzila hizo 2 zote, na laini itaanza kusuasua bila kukatika, ugonjwa mbaya kuliko kukatika. Dai akiba ya desibeli 4 au 5 siku ya makabidhiano, au weka kikuza mwanga katikati. Na siku hiyo usikubali karatasi pekee. Simama na fundi mwenye OTDR, kile kifaa kinachorusha mwanga na kuchora kila ungio lilipo, hifadhi faili la mchoro. Ndiyo picha ya mgonjwa akiwa mzima.

La mwisho kwenye faiba: pete. Kila kituo kifikiwe kwa njia mbili. Sisi tulikuwa na njia mbili kutoka kwa wauzaji wawili wenye nembo tofauti, mikataba tofauti, hata rangi tofauti za mabomba. Masika moja mto ulijaa ukabeba kingo za daraja, laini zote mbili zikazima ndani ya dakika moja. Kumbe kebo zote mbili zilikuwa zimening'inizwa kwenye daraja hilo hilo, mmoja upande wa kulia, mwingine wa kushoto. Tangu hapo sisaini mpaka nipewe ramani yenye nukta za GPS, nami huendesha gari kuifuata njia, nikishuka kila daraja. Inachosha, unarudi na vumbi hadi masikioni, lakini hakuna njia nyingine.

5. Vituo na umeme

Chumba kidogo, kikavu, chenye kufuli, mbali na bomba la maji. Vifaa vingi vya mawasiliano hula umeme wa DC wa volti 48, kwa hiyo benki ya betri na kichaji chake ni bora kuliko UPS za ofisini zinazokufa kila baada ya miaka miwili. Pigia hesabu saa nane za betri, jenereta baada ya hapo. Kanda ya Ziwa radi si hadithi: ufito wa ardhini upimwe kila mwaka kabla ya masika, na usiunganishe jengo na jengo kwa waya wa shaba hata kama ni mita thelathini. Faiba haipitishi radi. Shaba itaipeleka moja kwa moja kwenye swichi yako, nimeona tundu la swichi likiwa jeusi kama chungu.

6. Anuani na ruti

Omba namba ya mtandao na anuani zako kutoka AFRINIC, msajili wa anuani za intaneti wa Afrika aliyeko Mauritius. Msiishi kwa anuani za muuzaji, maana siku mkimwacha mtabadilisha kila kitu kuanzia seva ya barua hadi printa. IPv6, toleo jipya la anuani za intaneti, iwashe siku ya kwanza. Kuiongeza baadaye ni kama kupitisha bomba la maji kwenye nyumba iliyokwisha pakwa rangi.

Ndani ya mkongo tumia OSPF au IS-IS, itifaki za kutafuta njia ndani ya mtandao mmoja, kwa anuani za ruta zenyewe tu, basi. Anuani za wanachama zibebwe na BGP, itifaki ya kutangaziana njia kati ya mtandao na mtandao. Ukizichanganya, siku moja chuo kimoja kitayumbisha nchi nzima. Kwa kila mwanachama weka chujio: akubaliwe kutangaza anuani zake pekee. Thibitisha matangazo yako kwa RPKI, vyeti vya kidijitali vinavyoonyesha anuani ni za nani. Kisha jiunge na vituo vya kubadilishana trafiki vya nyumbani, TIX kama uko Dar es Salaam, KIXP Nairobi au Mombasa, UIXP Kampala, na uombe kampuni kubwa za video na masasisho ziweke seva za akiba karibu nawe. Sehemu kubwa ya trafiki ya wanafunzi ni video, na video ikitoka jirani huilipii nauli ya bahari.

7. Kuvuka mpaka

Kabla ya 2009 pwani yetu haikuwa na kebo ya baharini. Megabiti moja ya satelaiti ililipiwa maelfu ya dola kwa mwezi, na kwa kuwa satelaiti zile hukaa kilomita 35,786 juu ya ikweta, kila swali na jibu lilichukua zaidi ya nusu sekunde. SEACOM ilitia nanga Julai 2009, TEAMS ikafika Mombasa mwaka huo huo, EASSy ikafuata 2010. Bei zikaporomoka.

Mitandao ya nchi zetu ilikuwa imeshajipanga. Mwaka 2005 mitandao mitano, ya Kenya, Malawi, Msumbiji, Rwanda na Afrika Kusini, ilianzisha UbuntuNet Alliance, ambayo sekretarieti yake iko Lilongwe. Kupitia miradi ya AfricaConnect iliyofadhiliwa kwa sehemu kubwa na Umoja wa Ulaya, walinunua uwezo kwa pamoja na kujiunga na GÉANT, mtandao wa utafiti wa Ulaya. Usijadiliane na kampuni ya kebo peke yako ukiwa mnunuzi wa gigabiti mbili. Ingia na jirani zako.

Na kebo hukatika. Februari 2012 nanga ya meli iliikata TEAMS nje ya Mombasa, wakati kebo nyingine za Bahari ya Shamu nazo zikiwa zimekatika. Tarehe 12 Mei 2024, EASSy na SEACOM zilikatika siku moja karibu na pwani ya Afrika Kusini, na kutoka Dar es Salaam hadi Kampala watu wakashika vichwa. Ukinunua njia ya nje, nunua mbili zinazoelekea pande mbili: moja kaskazini kupitia Bahari ya Shamu, nyingine kusini. Hata kama ya pili ni ndogo, barua pepe na mfumo wa usajili vitapumua.

8. Ndani ya geti la chuo

Hapa ndipo mitandao mingi mizuri hufia, na hapa ndipo ningeweka nusu ya muda wako wa miaka miwili ya kwanza. Umefikisha gigabiti 10 mpaka getini. Mwanafunzi bado anaona duara linazunguka.

Nenda ukaangalie. Chuo kimoja tulifuata nyaya kutoka chumba cha seva hadi maabara ya kompyuta ya ghorofa ya tatu, tukakuta swichi saba zimeungwa moja baada ya nyingine kama treni. Ya nne ilikuwa juu ya dari, imelazwa kwenye mbao, imefunikwa vumbi na manyoya ya njiwa, matundu nane, aina ya dukani ya nyumbani. Kila mtu aliyehitaji tundu moja zaidi alikuwa amenunua kiswichi chake. Siku mfagiaji alipoona waya unaning'inia akauchomeka kwenye tundu lililokuwa wazi, kwa nia njema kabisa, trafiki ilianza kujizungusha na jengo zima likazima kwa siku mbili. Haikuwa kosa lake.

Umbo sahihi ni nyota. Kitovu kimoja, faiba moja kwa kila jengo moja kwa moja kutoka kitovuni, na ndani ya jengo swichi zinazosimamiwa kwa mbali, zikiungwa kwenye swichi ya jengo tu. Waya wa shaba usizidi mita 90 ukutani. Kila jengo liwe na mtandao wake mdogo, ruti ifanyike kitovuni, ili ajali ya jengo moja isitoke nje ya jengo hilo. Nguzo za Wi-Fi, yaani vifaa vinavyorusha mawimbi, zipangwe kwa idadi ya watu wanaokaa, siyo kwa ukubwa wa chumba; ukumbi wa watu mia tatu wenye nguzo moja ni mzaha. Kama wahandisi wa chuo ni wachanga, kuna watu wa NSRC kutoka Chuo Kikuu cha Oregon ambao wamekuwa wakifundisha hasa usanifu huu wa mitandao ya kampasi barani Afrika kwa miaka mingi, pamoja na warsha za AfNOG, kikundi cha waendesha mitandao wa Afrika, zilizoanza 2000. Wapelekeni wawili wawili, akiondoka mmoja abaki mwingine.

Seva za watafiti zenye mizigo mizito ziwekwe pembeni, karibu na mlango, nje ya njia ya fayawoli ya chuo, zikilindwa kwa orodha kali ya nani anaruhusiwa kwenye ruta. Wamarekani wa ESnet, mtandao wao wa utafiti, ndio waliousambaza mpangilio huu: fayawoli ikidondosha hata pakiti chache, madhara yake utayaona hapa chini.

9. Pima, kisha pima tena

Laini safi na laini karibu safi zinafanana ukizitazama kwa jirani. Chukua TCP, utaratibu wa kawaida wa kutuma data kwenye intaneti, na kiungo kinachodondosha pakiti (kipande cha data) moja kati ya kila elfu kumi. Kati ya vyuo viwili vya mji mmoja, safari ya kwenda na kurudi ni milisekunde 2, bado utapata kama megabiti 700 kwa sekunde. Kila mtu anafurahi. Kiungo hicho hicho ukikitumia kwenda Amsterdam, milisekunde 160, utapata takribani megabiti 9. Si kosa la maandishi. Kasi hushuka kwa kadiri muda wa safari unavyoongezeka, kwa sababu kila pakiti ikipotea mtumaji hupunguza mwendo, na hungoja safari nzima ndipo aongeze kidogo.

Ndiyo maana mtafiti wako anaapa mtandao ni mbovu huku jedwali lako la NOC, chumba cha kusimamia mtandao, likiwa la kijani kote. Nyote wawili mnasema kweli.

Weka kompyuta ndogo zenye perfSONAR, programu ya kupima mitandao, kila kituo, zijipime zenyewe kwa zenyewe kila saa na kuhifadhi historia. Laini mpya ikikabidhiwa, irushie trafiki kamili masaa 24 kabla ya kuipokea, na usikubali hata pakiti moja iliyopotea bila maelezo. Mara nyingi mwizi huwa kiunganishi cha faiba chenye vumbi. Nunua darubini ya kukagua ncha za faiba na kalamu za kusafishia, ni vitu vya bei ndogo. Fundi anayepuliza ncha kwa mdomo kisha kuifutia shati, mnyang'anye kebo kwa upole.

10. Huduma ya kwanza: eduroam

Watumiaji hawaoni mkongo. Wanaona eduroam. Mwanafunzi wa Makerere akifika Nairobi, anafungua simu na inaunganishwa yenyewe, kwa jina na nywila za chuo chake. Ombi hupandishwa kwa seva za RADIUS, zile za kuthibitisha mtumiaji ni nani, kutoka chuo alichofika hadi taifa, kisha hadi chuo chake, na nywila haionwi na mwenyeji. Mpango ulianzia Uholanzi mwanzoni mwa miaka ya 2000. Uganda RENU wameutoa hata nje ya kampasi, mitaani Kampala, ili mwanafunzi asome akiwa si chuoni. Anza na huu kabla ya hifadhi ya wingu, kabla ya kompyuta kubwa, kabla ya chochote. Makamu mkuu wa chuo akisafiri na simu yake ikaunganishwa uwanja mwingine wa chuo, bajeti yako ya mwaka ujao imepata rafiki.

11. Kuendesha kila siku

Ada: toza kwa ukubwa wa chuo, usitoze kwa umbali. Ukimtoza Kigoma gharama halisi ya kufika Kigoma, hatajiunga, na mtandao wa taifa utakuwa mtandao wa Dar es Salaam. Wakubwa watanung'unika. Waonyeshe kwamba pamoja wanapata bei ambayo peke yao hawakuipata. Fedha za wafadhili zitumie kununua vitu vya kudumu, haki za nyuzi na ruta. Mishahara na umeme vitoke kwenye ada, hata kama ada hiyo ni ndogo, la sivyo mradi ukiisha taa zinazimwa.

Mishahara yenyewe: mhandisi wa BGP uliyemfundisha miaka mitatu atachukuliwa na kampuni ya simu. Hutashindana nao kwa fedha. Shindana kwa mafunzo, kwa vifaa vizuri, kwa zamu zisizoua ndoa, na andika kila kitu ili aondoke na ujuzi wake akikuachia kumbukumbu. Usanidi wa kila ruta unakiliwe kila usiku na programu ya Oxidized, ufuatiliaji ufanywe na programu ya LibreNMS, lalamiko lolote liwe tiketi hata kama lilikuja kwa WhatsApp.

Zamu ya usiku ipewe karatasi moja, ukubwa wa A4, imebandikwa ukutani, siyo ndani ya kompyuta inayoweza kuwa ndiyo iliyozima. Pete ikikatika, hatua ni hizi: angalia kama upande wa pili umebeba mzigo, soma kiwango cha mwanga ncha zote mbili, kama zote hazina mwanga faiba imekatika, kama moja tu, shuku kifaa, rusha OTDR kutoka kituo cha karibu upate kilomita, linganisha na ule mchoro wa siku ya makabidhiano, pigia fundi wa njia hiyo, siyo dawati la huduma kwa wateja, ukimtajia kilomita na alama iliyo karibu, kituo cha mafuta, mbuyu, daraja, tuma ujumbe kwa wanachama ndani ya dakika 15 hata kama hujui sababu. Saa ya pili, ujumbe mwingine.

Mwanga ukirudi, usifunge tiketi bado. Rusha OTDR tena, soma desibeli ngapi zimeongezeka, ziandike pembeni ya akiba iliyobaki kwenye njia hiyo. Kwenye daftari letu njia ya magharibi ilianza na 4.6. Mara ya mwisho nililifungua ilikuwa 2.9, na greda la barabara lilikuwa bado limeegeshwa pale pale.